Maji Yalale Sawa: Uhakiki wa Picha ya Mandhari kutoka Rugenge

Picha inayohakikiwa hapa ilipigwa na kijana ambaye upigaji picha si kazi yake. Alisimama mtaani Rugenge, mjini Uvira, wakati wa mawio, akaelekeza kamera mashariki. Mbele umesimama ukuta wa matofali na mchikichi mmoja. Nyuma yake Ziwa Tanganyika limetanda hadi chini ya milima ya Burundi. Waliotazama picha hiyo walimpa maoni mawili tu: kwamba ni nzuri sana, na kwamba imepinda. La kwanza halimfundishi kitu. La pili ni kweli, ila lilisemwa kana kwamba ni kosa la unadhifu tu, mithili ya kola isiyopigwa pasi.

Ni kweli kwamba mstari unaotenga maji na milima umeshuka upande wa kulia. Katika picha ya milima mitupu kasoro hiyo ingesameheka, kwani mlima hauna mstari ulionyooka wa kumshitaki mpigapicha. Lakini Uvira imebanwa kati ya milima ya Mitumba na ziwa ambalo hutoa maji yake kwa mto mmoja tu, Lukuga, mbali kusini huko Kalemie. Aprili 2020 Mto Mulongwe ulifurika na kuua makumi ya watu. Kisha ziwa lenyewe likapanda, na mwaka 2024 likapanda tena na kuingia majumbani. Kwa hiyo atazamaye ukuta ulio karibu na maji haya huuliza kwanza kama bado umesimama wima. Picha iliyopinda humnyima jibu: je, ukuta umeinama kwa kuliwa na maji, au kamera ndiyo iliyoinama?

Hapa mhakiki angeweza kumsaidia kijana kwa kuigeuza picha taratibu mpaka maji yalale sawa. Mchikichi hausaidii, kwa kuwa michikichi huinama kwa hiari yake. Maji yakishalala sawa, ukuta hausimami wima. Unabaki umeegemea upande wa ziwa. Ushahidi huo ulikuwamo tangu mwanzo, na waliosema “imepinda” waliupita.

Mwanga nao una lawama yake. Kwa kuwa jua huchomoza ng’ambo ya ziwa, ukuta umekuwa kivuli cheusi, na alama ya maji, kama ipo, haionekani. Yafaa arudi alasiri, jua likiwa mgongoni mwake, ila asichelewe: kivuli cha Mitumba huufunika mji kabla jua halijatua kwa hakika.

Anwani aliyoiandika chini ya picha, “Uzuri wa Tanganyika”, ni dhaifu kuliko picha yenyewe. (Mandhari na nadharia ni maneno ya mzizi mmoja wa Kiarabu, wa kutazama, haukutaja uzuri.) Sifa anayostahili kijana huyu ni kwamba hakuukwepa ukuta ili apate ziwa tupu, jambo ambalo wengi wangelifanya. Asimame tena mahali pale pale kila mwezi, kwa kimo kile kile, na badala ya anwani aandike tarehe na saa.