Pete Bila Harusi

Sehemu ya 24 ya Suisei no Majo, ile anime ya Gundam, nimeirudia tena wiki hii, mpaka majina ya mwisho kabisa, na bado nasema walichemsha. Mnaijua. Mtambo wa Quiet Zero umezimwa, mashine zote za Gundam zimesambaratika angani, halafu hadithi inaruka miaka 3. Suletta anatembea kwa mkongojo, Miorine anarudi kutoka kwenye vikao vyake visivyoisha, wanaketi shambani, na mwenye jicho kali anaziona pete kwenye mikono yao ya kushoto. Basi. Harusi ilifungwa lini, nani alimwambia nani neno gani, Prospera, mama yake Suletta, alikaa wapi siku hiyo, yote yamemezwa na ile miaka 3. Mashamba mazuri tunayo hapa Singida, ya alizeti, tena yanafika mpaka upeo wa macho. Sikukaa sehemu 24 ili nionyeshwe shamba.

Watetezi wa mwisho huu nimewasikia hadi nimechoka. Pete inatosha, wanasema, mtu mzima hatafuniwi. Ingekuwa hadithi nyingine ningenyamaza. Lakini hii ilijiwekea sheria yake tangu sehemu ya kwanza, kwamba jambo kubwa hutamkwa kwa sauti, mbele ya mashahidi. Pambano pale shuleni Asticassia lina kiapo, lina masharti, lina dau linalotajwa kabla mashine hazijagusana, na shule nzima inatazama. Suletta anamchakaza Guel, papo hapo anakuwa Holder, na Holder ndiye mchumba wa Miorine. Anapobabaika kwamba wote wawili ni wanawake, Miorine anamjibu kana kwamba mshamba ni yeye, huko kwao Utaridi ndiko walikobaki nyuma. Uchumba usio na chembe ya mapenzi ulitangazwa kwa mbwembwe zote hizo. Mapenzi yalipokuja kweli, tangazo likafichwa nyuma ya pazia.

Ni kosa la ufundi kabla hata hatujafika kwenye woga, na woga tutaufikia.

Mtazamaji wa Tanzania ana faida moja hapa ambayo wengine hawana. Wakurya wa Mara wana nyumba ntobhu: mwanamke analipa mahari ya ng'ombe, anaoa mwanamke mwenzake ili mji wake upate warithi. Ni ndoa ya mali na ukoo, na mapenzi kati ya wawili hao hayamo kwenye hesabu. Uchumba wa Miorine ulianza hivyohivyo. Baba yake, Delling, alimweka binti yake kuwa dau, na anayemchukua anasogea karibu na kiti cha juu cha makampuni ya Benerit. Mwandishi Ichiro Okouchi akauchukua mkataba huo mkavu na kupanda mapenzi ndani yake polepole: nyanya za bustanini, simu zisizopokelewa, ile korido isiyo na mvutano ya sehemu ya 11 ambako Miorine anampa Suletta orodha ya masharti, usafi wa chumba mara 3 kwa wiki ukiwemo, na sharti la maana zaidi likiwa kwamba asiondoke kwake. Halafu sehemu ya 17 anauvunja uchumba kwa hila ili amwokoe. Kazi safi, sina neno.

Sasa fuata hesabu. Uchumba ulifungwa hadharani, ukavunjwa hadharani, Suletta akidhalilishwa shule nzima ikiona. Kitu kilichovunjwa mbele za watu kinarudishwa wapi? Mwanafunzi wa darasa la sita angejibu. Okouchi na mwongozaji Hiroshi Kobayashi wakajibu kwa kuruka miaka. Sidai busu, wala sidai shela na keki. Nadai tamko moja, Suletta au Miorine, yeyote yule, akirudia kwa hiari yake maneno ambayo mwanzoni aliyabeba kwa amri ya baba na kanuni za shule. Dakika 2 zingetosha, na dakika zilikuwepo, maana sehemu hiyohiyo ilipata muda wa kutupitisha kwa Shaddiq kizuizini na kutueleza kina Guel wa Jeturk wanaendeleaje. Mimi Jeturk wananihusu nini saa hiyo?

(Na hapa nirudie wimbo wangu wa siku zote: misimu miwili ya sehemu 12 ni ubahili. Gundam ya kwanza, ya 1979, ilipata sehemu 43 na ilikuwa imekatwa kabla ya wakati. Hii ilibeba shule, makampuni, Dunia inayonyanyaswa, mama mwenye kisasi na mapenzi juu yake, kwa sehemu 24. Lazima kitu kidondoke mwishoni. Ila aliyechagua kidondoke kipi ni mtu, si saa ya ukutani.)

Woga wenyewe ulijitokeza kabla majani ya shamba lile hayajakauka. Sehemu ya mwisho ilirushwa tarehe 2 Julai 2023. Mwezi huohuo jarida la Gundam Ace likatoka na mahojiano ya Kana Ichinose, sauti ya Suletta, na neno la ndoa ya wawili hao limo kwenye karatasi. Toleo la kidijitali likatoka bila neno hilo. Wasomaji wakalinganisha kurasa, moto ukawaka, na wenye mali wakatoa tamko kwamba wangependa kila mtazamaji abaki na tafsiri yake. Tafsiri ya nini? Mtu anavaa pete mkono wa kushoto, mwenzake anavaa pete mkono wa kushoto, wanaishi pamoja, na hadithi ilianza kwa kutuambia kwamba hawa ni wachumba. Hakuna aliyewahi kutuachia tafsiri kuhusu kama Calibarn, mashine ya Suletta, ni Gundam.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Okouchi alijua njia. Miaka ya tisini aliandika riwaya za anime ya Utena. Suisei no Majo ni mjukuu wa Utena, na babu hajafikiwa. Mwaka 1997 Kunihiko Ikuhara aliweka shule, pambano, na bibi harusi anayekabidhiwa mshindi, akampa msichana upanga na sehemu 39 za kufikiri. Mtasema hata Utena haikufunga harusi. Kweli, haikufunga. Lakini itazameni ile sehemu ya 39 vizuri. Utena ametoweka, shule inaanza kumsahau, Akio, kaka yake Anthy, anapanga mchezo wake upya, na Anthy, aliyekuwa bidhaa ya kushindaniwa tangu mwanzo, anamwambia usoni kwamba anaondoka, kisha anatoka getini kwa miguu yake kwenda kumtafuta Utena. Hakuna pete ya ndoa pale. Kuna tendo, tumeliona, na hakuna jarida linaloweza kulifuta. Miaka 2 baadaye filamu ikaja na busu, kwa wale waliokuwa bado wanasubiri kuelezwa.

Ikuhara huyohuyo ndiye aliyeongoza Sailor Moon S, tangu 1994, yenye wapenzi Haruka na Michiru. Walioitia sauti za Kiingereza mwaka 2000 wakawafanya binamu. Wakawaacha washikane mikono, waangaliane vile wanavyoangaliana, halafu wakasema binamu! Kwa Mswahili aliyezoea kusikia kwamba binamu ni nyama ya hamu, hawakuficha kitu. Msicheke sana, maana nina kinyongo na msimuliaji mmoja wa muvi wa hapahapa kwetu, jina namhifadhia, ambaye kila wasichana wawili wakikaribiana kwenye skrini anawageuza dada wa baba mmoja. Lufufu alipokuwa akisimulia muvi kwa Kiswahili alitia chumvi mpaka sahani ikafurika, lakini alitia. Huyu anapunguza, na anatoza bei ileile.

Afrika Mashariki imewahi kuona mtu akikataa. Mwaka 2018 Bodi ya Filamu ya Kenya iliipiga marufuku filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, na kabla ya marufuku alitakiwa abadilishe mwisho, kwa kuwa ulikuwa na matumaini kupita kiasi. Hebu lifikirieni agizo hilo kama suala la ufundi. Hawakusumbuliwa na katikati, ambako wapenzi Kena na Ziki wanapigwa na kutenganishwa. Walitaka tu mateso hayo yawe ndiyo neno la mwisho. Kahiu akagoma, filamu ikaenda Cannes hivyohivyo, ikiwa ya kwanza kutoka Kenya kuchaguliwa kule, na mwezi Septemba Mahakama Kuu ikairuhusu siku 7 nchini kwake. Mwisho wenyewe ni mdogo: Ziki amerudi kutoka London, sauti inaita, mkono unagusa bega. Hata pete hamna. Lakini mtengenezaji alisimama nyuma yake akijua gharama, na kisheria na kifedha gharama ilikuwa kubwa kuliko chochote kilichowakabili wenye Gundam, ambao wanauza mamilioni ya vinyago vya plastiki na hakuna bodi iliyowagongea mlango.

Wanaosema ukimya ni sanaa nawaelekeza kwa Naoko Yamada, Liz to Aoi Tori, 2018. Pale ukimya umelipiwa tangu dakika ya kwanza: hatua za Mizore nyuma ya hatua za Nozomi, shingo, nywele, vidole kwenye obo. Yamada alitufundisha kusoma miguu ndipo akatupa mtihani wa miguu. Suisei no Majo ilitufundisha kusikiliza viapo, ikatutungia mtihani wa kutafuta pete.

Wanaoniuliza waanze na ipi, shikeni mpangilio huu. Utena kwanza, zote 39, na msiruke nyimbo za J. A. Seazer hata kama ngazi za kupandia pambanoni ni zilezile kila mara. Kisha Aoi Hana ya 2009, sehemu 11, tulivu kama Ziwa Singidani asubuhi, na Fumi anayejijua bila kuomba radhi. Kisha Yagate Kimi ni Naru ya 2018, sehemu 13, yenye Yuu na Touko, iliyoongozwa vizuri na Makoto Kato lakini ikakatika kabla ya ule mchezo wa jukwaani ambao hadithi nzima ilikuwa inauelekea, kwa hiyo malizieni kwenye manga, ambayo imekamilika kwa vitabu 8. Citrus rukeni, hata mkipewa kwenye flashi bure. Adachi to Shimamura ni ya wenye subira.

Suisei no Majo itazameni pia, kwa ajili ya korido ya sehemu ya 11. Mkifika ya 24, zimeni miaka 3 inapoanza.