Kuzimua si Kubatilisha: Uhakiki wa Istilahi za Asidi na Besi kwa Kurejelea Udongo wa Bweyeye

Istilahi za kemia katika Kiswahili zimepiga hatua kubwa tangu Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Nomino asidi, besi na litmasi hazina mgogoro tena. Udhaifu uliosalia umo katika vitenzi, yaani maneno yanayotaja kinachotendeka asidi inapokutana na besi.

Vitenzi vitatu hushindania nafasi hiyo: kuzimua, kusawazisha na kubatilisha. Kuzimua, kwa matumizi ya kawaida, ni kupunguza ukali wa kitu kwa kukitia maji. Asidi iliyozimuliwa hubaki asidi. Asidi kali ikiongezewa maji hadi ujazo wake ufike mara kumi, pH hupanda kwa takriban kipimo kimoja, lakini haivuki 7. Na kiasi cha besi kinachohitajika kuimaliza hubaki kilekile. Kusawazisha nako kumekwisha kupewa kazi ya kulinganisha pande mbili za mlinganyo wa kemikali. Kubatilisha ndiko kunakobeba dhana yenyewe: asidi na besi huondoleana sifa, chumvi na maji vikapatikana.

Tofauti hii si ya darasani pekee. Sekta ya Bweyeye, wilayani Rusizi, imepakana na msitu wa Nyungwe katika nyanda za juu zenye mvua nyingi. Mvua ya miaka mingi huchukua kalisi na magnesi, na udongo ukabaki na asidi. Pale pH inaposhuka chini ya takriban 5.5, alumini huyeyuka na kudhuru mizizi, na fosforasi hunaswa isifike kwenye mmea. Dawa yake ni chokaa ya kilimo, ambayo malighafi yake hupatikana katika wilaya hiyohiyo, kwenye mawe ya Mashyuza. Mkulima akiambiwa “azimue” udongo wake, ataelewa kwamba maji yatamsaidia, ilhali maji ya mvua ndiyo chanzo cha tatizo.

Kinyarwanda huongeza ugumu mwingine. Udongo wa aina hiyo huitwa ubutaka busharira, na kitenzi gusharira hugusa uchachu na uchungu pia. Mfasiri asiye mwangalifu ataandika “udongo mchungu”. Katika Kiswahili cha kemia, hata hivyo, uchachu ni sifa ya asidi, na uchungu ni sifa ya besi. Kwa neno moja, ujumbe utakuwa umegeuzwa kinyume chake. “Udongo wenye asidi” hauna utata huo. Na chokaa, ambayo mkulima huijua kwa jina la ishwagara, itajwe kwa majina yote mawili.

Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina jukumu la kuoanisha matumizi yake katika kanda. Orodha za nomino hazitoshi kwa kazi hiyo. Kila istilahi ya mchakato ipimwe kwa swali moja kabla ya kuidhinishwa: mtu akitenda kama neno lisemavyo, je, atapata matokeo yanayokusudiwa? Kwa kipimo hicho, kuzimua kubakizwe kwa maji, kusawazisha kwa milinganyo, na kubatilisha kwa chokaa na asidi.