Namna Kamera Ilivyouona Mkataba wa Kampala

Reli ipitayo hapa Isaka kutoka Tabora kwenda Mwanza ilikuwa, katika mwaka 1967, mali ya shirika moja lililozitumikia Tanzania, Kenya na Uganda kwa pamoja; na mkataba ulioliweka shirika hilo, pamoja na bandari, posta na ndege, chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulitiwa saini Kampala tarehe 6 Juni mwaka huo na Marais watatu: Mwalimu Julius Nyerere, Mzee Jomo Kenyatta, na Milton Obote aliyekuwa mwenyeji wao. Picha za sinema za zama zile huonyeshwa hata leo Jumuiya inapotajwa, kwa sekunde chache, kisha hupita. Zastahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa kuwa ufundi uliozizaa ndio uliotuchagulia yapi tuyakumbuke.

Mpiga picha wa habari wa wakati ule aghalabu alibeba kamera ya mkanda wa milimita 16, na nyingi katika hizo, mathalan Bolex H16, ziliendeshwa kwa kamani iliyokazwa kwa mkono. Kamani ikikazwa mpaka mwisho huiendesha kamera kwa muda usiofika nusu dakika, ndipo husimama. Na mkanda wa futi 100, kwa mwendo wa picha 24 kwa sekunde, huisha baada ya dakika mbili na sekunde 45 hivi. Mbele ya kamera palikuwa na kibao cha kuzungushwa chenye lenzi tatu, ya upana, ya wastani na ya kuvutia mbali, wala haikuyumkinika kuhama kutoka moja hadi nyingine bila ya kusimamisha upigaji.

Sasa ipimwe kazi yenyewe. Watu watatu hutia saini nakala zaidi ya moja, kurasa hufunuliwa, wino hukaushwa, kalamu hupokezanwa, mikono hupeanwa. Na mambo hayo yote huchukua dakika nyingi, ilhali fundi ana nusu dakika mkononi. Ndiyo sababu saini katika picha za namna hii huanza lakini ni nadra kumalizika: kalamu yagusa karatasi, na ghafla twaona wageni wakipiga makofi, kisha twarudi mezani na Rais mwingine ameshika zamu. Makofi yale ni kiraka. Fundi aliyapiga picha wakati wowote alioona fursa, pengine kabla ya saini, pengine baada ya hotuba, na mkata mkanda akayatia mahali palipokuwa na pengo. Simwiti mwongo aliyefanya hivyo, kwa kuwa pasipo viraka hivyo habari isingeshikana. Lakini mwanahistoria anayetaka kujua nani alitangulia kutia saini, au nani alimpigia nani makofi, asiuchukue mfuatano wa picha kuwa ushahidi.

Fauka ya hayo, kamera hizo za kamani hazikunasa sauti. Shirika la Visnews, mathalan, ambalo lilichukua jina hilo mwaka 1964, lilikuwa na makao yake London, na mikanda ikipelekwa huko kwa ndege kusafishwa na kukatwa. Maelezo yaliweza basi kuandikwa na mtu ambaye hakuwapo ukumbini. Picha bubu sharti ijieleze yenyewe, na hapa ndipo ninapoona udhaifu wa Kampala tukiilinganisha na Muungano wetu. Hati za Muungano zilitiwa saini Zanzibar tarehe 22 Aprili 1964 na Mwalimu Nyerere na Mzee Abeid Amani Karume. Hata hivyo kinachokaa machoni mwa Watanzania ni Mwalimu akimimina udongo wa nchi mbili uchanganyike. Kitendo hicho kina mwanzo na mwisho, kinaonekana kutoka mbali, na chatoshea ndani ya mkazo mmoja wa kamani. Mkataba wa Kampala uliyapeleka makao makuu ya Jumuiya Arusha, ya bandari Dar es Salaam, ya posta na simu Kampala, ukayaacha ya reli Nairobi. Na hayo, ambayo ndiyo roho ya mapatano, yalikuwa maandishi yasiyoonekana kwa lenzi yoyote.

Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962 na Uganda tangu 1963, bali Tanzania Bara ilikaa bila televisheni hadi 1994. Wazee wa huku Shinyanga waliusikia mkataba redioni. Walipokuja kuuona, Jumuiya ile ilikuwa imekwisha kuvunjika mwaka 1977.

Yanikera, basi, yanayofanyiwa picha hizo leo. Picha iliyopigwa kwa umbo la karibu na mraba huvutwa ijaze kioo kipana, nyuso zikatanuka. Au hukatwa juu na chini, vichwa vikapotea pamoja na karatasi zilizokuwa mezani. Kisha hutiwa kelele za umati ambao haukuwapo. Mkanda wa asetati nao, ukiwekwa penye joto na unyevu, huanza kunuka siki na kujikunja, na ukifika hapo hauponi. Wanaozihamisha picha hizi katika kompyuta wazihamishe nzima, kwa umbo lake, pamoja na waraka ulioambatana na mkanda kuorodhesha kila pigo na urefu wake. Na pakipatikana vipande vilivyoachwa na mkata mkanda, visitupwe, kwa kuwa humo ndimo mfuatano wa kweli wa saini zile unamoweza kupatikana.