Mkataba na Moto: Quantum of Solace Itazamwapo Kutoka Boito

1. Utangulizi

Miongoni mwa filamu za jasusi James Bond, ni chache zilizowagawa wahakiki kama Quantum of Solace, iliyotolewa mwaka 2008 chini ya uongozaji wa Marc Forster. Wapinzani wake huiona kuwa kiambatisho tu cha Casino Royale (2006), filamu ambayo kisa chake inakiendeleza moja kwa moja. Watetezi wake huiona kuwa kazi ya huzuni iliyosomwa vibaya. Katika makala haya inajaribiwa kuonyeshwa kwamba pande zote mbili zimebishana zaidi juu ya fani na kulipita jambo ambalo ndilo kiini cha maudhui, yaani mkataba. Ili jambo hilo lionekane, filamu inatazamwa kutoka Boito, katika eneo la Konoin, kaunti ya Bomet, mahali ambapo mkulima mdogo hupeleka majani mabichi ya chai kituoni, yakapimwa na kila kilo ikaandikwa, na ambapo mashamba makubwa ya kampuni yameenea katika Bomet na Kericho jirani kwa nguvu ya karatasi zilizotiwa saini zamani.

Huenda msomaji akauliza kama filamu ya aina hii inastahili uhakiki wa kitaaluma. Swali hilo si geni katika Kiswahili. Liliulizwa pia kuhusu riwaya pendwa, zikiwemo zile za Elvis Musiba zinazomhusu mpelelezi Willy Gamba, aliyeanza kazi katika Kufa na Kupona (1974). Jibu lililopatikana wakati huo lingali na nguvu: kazi isomwayo au itazamwayo na watu wengi hubeba fikra za jamii, iwe imekusudia au haikukusudia.

2. Lawama na utetezi

Lawama ya kwanza inahusu uhariri wa picha. Filamu inafunguka kwa msako wa magari nchini Italia ambamo picha hukatwa kwa kasi kiasi kwamba mtazamaji hawezi kusema nani anamfukuza nani. Kasoro hiyo inajirudia katika msako wa mashua huko Haiti. Watetezi husema kwamba vurugu hiyo ni taswira ya akili ya Bond aliyefiwa na Vesper. Hoja hiyo ina uzito mdogo. Majonzi humfanya mtu aone vibaya, lakini mwandishi wa majonzi hapaswi naye kuandika vibaya. Ushahidi umo ndani ya filamu yenyewe. Katika onyesho la opera ya Tosca mjini Bregenz, ambako wanachama wa kundi la siri wanazungumza kwa vinasa sauti huku watazamaji wengine wakifuatilia muziki, Forster anatulia, na hapo taharuki inakuwa kubwa kuliko katika misako yote.

Utetezi wa pili ni wa kihistoria: utayarishaji wa filamu uliangukia wakati wa mgomo wa waandishi wa Hollywood wa 2007 hadi 2008, na muswada haukupata kukamilishwa ipasavyo. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini kueleza asili ya kasoro si kuifuta. Kazi ya sanaa hupimwa kwa kile ilicho.

Lawama ya tatu ndiyo nzito zaidi, nayo inamhusu adui. Dominic Greene, anayeigizwa na Mathieu Amalric, hana kovu usoni, hana jeshi lake mwenyewe, wala hana silaha ya kuangamiza dunia. Ni mtu mfupi mwenye tabasamu, ajitangazaye kuwa mhifadhi wa mazingira na kuchangisha fedha katika tafrija. Tena shabaha yake inadaiwa kuwa ndogo mno, kwani anataka maji ya nchi moja tu, Bolivia.

3. Adui wa karatasi

Hapa ndipo mtazamo wa Boito unapobadili hukumu. Greene anamwahidi Jenerali Medrano kwamba atamsaidia kuipindua serikali, na badala yake anaomba kipande cha jangwa kisicho na thamani machoni pa watu. Wamarekani wanadhani anatafuta mafuta, na Waingereza wanadhani hivyo hivyo. Hata maiti ya Fields, jasusi wa kike wa Uingereza, inaachwa kitandani ikiwa imejaa mafuta ili dhana hiyo iimarike. Kumbe chini ya ardhi maji yamezuiwa kwa bwawa, na mwishoni jenerali analazimishwa kutia saini mkataba utakaoifanya kampuni ya Greene kuwa mwuzaji pekee wa maji, ikiwa imeshika zaidi ya asilimia 60 ya maji ya nchi.

Adui wa namna hii hahitaji kovu. Katika nchi ya chai inajulikana kwamba mabadiliko makubwa kabisa yanaweza kuletwa na mtu mpole mwenye kalamu. Sheria ya ardhi ya kikoloni ya mwaka 1915 iliruhusu ukodishaji wa miaka 999. Mwaka 1934 ukoo wa Talai ulihamishwa kwa nguvu ya sheria kutoka nchi ya Wakipsigis na kupelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Kwa mtazamaji anayeyajua hayo, udogo wa Greene si udhaifu wa usawiri. Ni uhalisia ambao mfululizo huu haukuwa umezoea kuufikia. Wala shabaha yake si ndogo, kwa kuwa kwa mtu aliyesimama mbele ya bomba lililokauka, maji ndiyo dunia yenyewe.

Msingi wa kisa pia haukubuniwa hewani. Mwaka 2000 wakazi wa Cochabamba, nchini Bolivia, waliandamana kupinga kampuni ya Aguas del Tunari iliyokabidhiwa huduma ya maji na kupandisha bei, hadi mkataba ukavunjwa mwezi Aprili.

4. Kile ambacho filamu inakisahau

Hata hivyo, ubora huo ndio unaofichua kosa kubwa kuliko yote yaliyotajwa na wapinzani. Bond na Camille wanapotoka jangwani wanawapita wanakijiji wanaongoja maji, na bomba linatoa matone ya mwisho. Onyesho hilo ni la sekunde chache. Wanakijiji hawana majina na hawasemi neno lenye uzito katika kisa. Huko Cochabamba ni watu wenyewe waliouvunja mkataba, ilhali katika filamu watu hao hao wamegeuzwa mandhari.

Kisha hoteli ya jangwani inawaka moto. Camille analipiza kisasi kwa kumwua Medrano, na Greene anaachwa jangwani na kopo la mafuta ya injini. Mtazamaji haonyeshwi bwawa likibomolewa, wala maji yakirudi kijijini, wala mkataba ukifutwa. Filamu inachukulia kwamba aliyetia saini na aliyetilisha saini wakifa, basi karatasi nayo imekufa.

Historia ya chai inakanusha dhana hiyo. Brooke Bond ilinunuliwa na Unilever mwaka 1984, na mwaka 2022 biashara hiyo ya chai ikauzwa kwa wawekezaji wa CVC. Wenye mali walibadilika, haki ya kukodi ikaendelea. Katiba ya Kenya ya 2010 iliushusha muda wa ukodishaji kwa wasio raia hadi usiozidi miaka 99, lakini hata hilo lilifanywa kwa maandishi, si kwa moto. Na mwaka 2022 Watalai na Wakipsigis walipowasilisha malalamiko dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, waliotia saini enzi za ukoloni walikuwa wamekwisha kuzikwa zamani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Inafaa kuongezwa kwamba mali iliyopotea kwa daftari hairudi bila daftari.

5. Hitimisho

Imeonekana kwamba Quantum of Solace ni bora kuliko wanavyokiri wapinzani wake, na ubora huo umo katika adui yule yule wanayemdharau. Wakati huo huo ni dhaifu kuliko wanavyokiri watetezi wake, si kwa sababu ya kasi ya picha peke yake, bali kwa sababu iliutambua mkataba kuwa silaha kisha ikaupa moto kazi ya kuumaliza. Mhakiki anayeishia kwenye misako ya magari hataliona hilo. Ataliona yule anayeuliza, baada ya hoteli kuwa majivu, nakala ya pili ya mkataba imehifadhiwa wapi.