Damu ya Pomboo na Damu ya Mbuzi
Mbuzi wa Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, na pomboo anayewinda samaki katika mkondo wa Pemba ni mamalia wote wawili, na seli zao hukabiliwa na adui mmoja, yaani molekuli kali za oksijeni ambazo hushambulia mafuta, protini na DNA. Kwa kuwa mnyama apigaye mbizi huzuia pumzi kwa muda mrefu kisha akapokea oksijeni kwa ghafla, tishu zake zilitarajiwa kuwa na kinga nzito zaidi, na vipimo vilivyolinganisha sili na nguruwe vilionyesha hivyo, kwani sili walikutwa na ziada ya glutathioni, molekuli ndogo inayozima ukali huo. Ndiyo maana makala iliyotoka katika jarida la Science mwaka 2018 ilishangaza.

Wynn Meyer, Nathan Clark na wenzao wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh walilinganisha jenomu, yaani jumla ya maagizo ya urithi, za spishi 58 za mamalia, wakitafuta jeni zilizoharibika kwa wanyama wa baharini zikabaki nzima kwa wale wa nchi kavu. Hitilafu katika ukoo mmoja huweza kuwa ajali tu. Inayojirudia katika koo zilizo mbali kiundugu ndiyo inayodai maelezo. Iliyojitokeza zaidi ni PON1, jeni ya paraoksonesi, kimeng'enya kitokacho kwenye ini, kinachosafiri katika damu pamoja na kolesteroli nzuri na kuzuia mafuta yasioksidishwe. Nyangumi na pomboo waliipoteza baada ya kuachana na ukoo wa kiboko, nguva baada ya kuachana na ukoo wa tembo, na baadhi ya sili baadaye sana.

Kilichoupa utafiti uzito, hata hivyo, ni maabara: utegili, yaani majimaji ya damu yasiyo na seli, ulichanganywa na sumu zitokanazo na viuawadudu vya kloripirifosi na diazinoni, ambazo paraoksonesi huzivunja pia. Ule wa wanyama wa nchi kavu ulizivunja. Wa baharini haukufua dafu. Kwa nini jeni hiyo ilitupwa bado hubishaniwa, wengine wakitaja mbizi, wengine mafuta ya vyakula vya baharini. Nguva wachache waliobaki Tanzania huonekana zaidi kati ya delta ya Rufiji, Mafia na Kilwa, wakila majani ya bahari karibu na pwani, palepale mto unapomwaga maji yaliyopita katika mashamba ya bara.