Neno "Hali" Katika Elimu Mbalimbali

Katika maneno ya Kiswahili yaliyo mepesi kutamkwa na mazito kueleza, neno "hali" ni mojawapo. Twaamkiana kwalo kila siku: "U hali gani?" Mganga hospitalini huandika hali ya mgonjwa, mkulima wa Ufipa huangalia hali ya udongo, mwalimu wa fizikia hufundisha kwamba maji yana hali tatu, yaani barafu, maji na mvuke. Basi wako wenye elimu wasemao kwamba matumizi haya yote yana shina moja, na kwamba yafaa kuwe na maana moja ya "hali" itakayotumika katika hesabu, katika kompyuta, katika elimu ya viumbe, hata katika mambo ya watu. Fikira hiyo si ya kudharauliwa. Lakini kwa kuwa sisi walimu twaitumia kila tunapomwandikia mtoto alama yake, tukijua au tusijue, imetupasa kuipima yenyewe kwanza.

Maana inayotolewa ni hii: hali ya kitu ni zile habari zake za sasa ambazo, ukiisha kuzijua, huna haja tena ya kuuliza habari zake za zamani ili ukisie yatakayokuja. Mwaka 1906 Andrei Markov, bingwa wa hesabu wa Urusi, alianza kueleza mifululizo ya mambo ambayo ndani yake lijalo hutegemea lililopo tu. Mwaka 1936 Alan Turing wa Uingereza aliwaza mashine yenye hali chache zinazohesabika, ambayo kila tendo lake hutokana na hali iliyo nayo na alama inayoisoma. Wazo hilo ni miongoni mwa misingi ya elimu ya kompyuta. Mwaka 1960 Rudolf Kalman, mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Marekani, alionyesha njia ya kukisia hali ya kitu kwa vipimo visivyo kamili, na njia hiyo ilisaidia kuongoza vyombo vya Apollo vilivyokwenda mwezini. Kazi ni tatu, fikira ni moja.

Tuone kwanza uzuri wake, kwa mfano ulio karibu nasi. Ukishuka kutoka Sumbawanga na nchi za juu za Ufipa kuelekea mashariki, wafika bonde la Ziwa Rukwa. Ziwa hilo halina mto unaotoka; mito huingia, na maji hukaushwa na jua. Kwa sababu hiyo limepanda na kushuka sana tangu zamani. Mtu atakaye kujua maji yatafika wapi mwakani hana haja ya kuhesabu mvua za siku za babu zake. Mvua hizo zimekwisha kuwa ndani ya kina cha leo. Na apime kina hicho, kisha akisie mvua na jua la mwaka ujao, yatosha. Hapo fikira ya hali imetutua mzigo mkubwa wa miaka iliyopita.

Lakini mvuvi haulizi kina peke yake. Maji ya Rukwa yana magadi, na magadi huzidi kuwa makali maji yakipungua. Kwa mvuvi, kina bila habari za magadi na samaki si hali ya ziwa. Ni sehemu tu. Basi twajifunza neno la kwanza: hali si mali ya kitu peke yake, ni mali ya swali tunalokiuliza kitu hicho. Anayesema "hali ya ziwa" bila kusema ni kwa swali gani, hajasema neno.

Sasa tutazame chuma. Wafipa wa zamani walikuwa wafua chuma mashuhuri. Waliyeyusha mawe ya chuma katika ilungu, tanuru la udongo refu kuliko mtu, ambalo huvuta upepo lenyewe. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kimechanganyika na takataka, kwa hiyo kilitiwa tena katika kintengwe, tanuru dogo lenye mivukuto, ndipo kikapelekwa kwa mhunzi afue majembe. Tuseme mhunzi amewekewa vipande viwili vyenye uzito mmoja, kimoja cha ilungu, kimoja cha kintengwe. Mizani yasema ni sawa. Mhunzi hakubali, auliza, "Hiki kimepita wapi?" Auliza habari za zamani.

Wenye fikira ya hali hujibu upesi: "Tulisahau kuandika takataka zilizomo ndani ya chuma. Ziandikeni, na vipande havitakuwa sawa tena." Jibu hilo ni kweli, na hapo ndipo ilipo lawama yetu. Kila mara mambo ya zamani yanapoonekana kuwa na nguvu, husemwa kwamba hali haikuandikwa kamili. Kwa njia hiyo fikira hii haiwezi kushindwa kamwe, na fikira isiyoweza kushindwa haituambii jinsi dunia ilivyo. Yatuambia jinsi ya kupanga daftari letu. Ni kanuni ya karani mzuri, si sheria ya vitu. Thamani yake yategemea jambo moja: je, orodha ya mambo ya kuandika yaweza kufika mwisho, na yaweza kupimwa? Kwa hewa iliyofungwa chupani, orodha ni fupi: ukubwa, joto na kani ya kusukuma. Kwa ziwa ni ndefu kidogo. Kwa chuma ni ndefu zaidi.

Na kwa watu je? Masimulizi ya Wafipa, ambayo Roy Willis aliyachunguza katika kitabu alichokitoa mwaka 1981, yasema kwamba wanawake watatu wageni walifika Milansi wakati mtawala wake hayupo, wakakitwaa kiti, na uzao wao wakatawala nchi, ambayo baadaye iligawanyika kuwa Nkansi na Lyangalile. Milansi ikapoteza utawala, lakini haikupoteza heshima yake katika mambo ya ibada. Mgeni ambaye angeandika hali ya nchi siku zile kwa kuhesabu askari na ng'ombe angeiona Milansi kuwa kijiji kidogo tu, naye angekosea. Nguvu yake ilikuwa katika yale watu waliyoyakumbuka. Ndiyo, kumbukumbu nayo imo vichwani mwa watu wa leo. Lakini ni nani aliye na daftari la kuiandika yote?

Ndiyo maana twaona hatari fikira hii inapohamishwa kutoka kwa mashine hadi kwa mtoto. Watoto wawili wamepata alama 40 katika 100. Mmoja alikuwa na 20, mwingine alikuwa na 70. Daftari lasema hali yao ni moja, nasi twawaketisha benchi moja na kuwakisia mwisho mmoja. Wa kwanza anapanda mlima, wa pili anateremka, na labda nyumbani kwake kuna msiba. Mwalimu asiyeuliza walikotoka hana haki ya kutabiri waendako.

Hatusemi kwamba fikira hii itupwe. Aliyeigundua ametupa chombo kizuri, na elimu nyingi zimesaidiana kwacho. Twasema tu kwamba anayekiazima kutoka elimu moja kwenda nyingine aonyeshe kwanza, kwa majaribio, kwamba habari alizoziandika zatosha kwa swali lake. Asipoweza kuonyesha, aulize habari za nyuma bila haya. Hata wazee wetu, ukiwajibu "Njema" wanapokuuliza hali, hawaishii hapo. Huuliza umetoka wapi, na uliowaacha huko wakoje.