Asilimia 70 kwa kipimo gani?

Upasuaji wa kusafisha mshipa wa shingo uliobana huamuliwa kwa kiasi kikubwa na namba moja: 70. Utafiti wa NASCET uliofanyika Marekani na Kanada, uliotoa matokeo mwaka 1991, ulifuatilia wagonjwa waliokwisha kuonyesha dalili za kiharusi, na ateri yao ya karotidi ikiwa imebana kwa asilimia 70 hadi 99. Kati ya waliotibiwa kwa dawa tu, asilimia 26 walipata kiharusi upande uleule ndani ya miaka miwili. Kwa waliopasuliwa ilikuwa asilimia 9. Sasa, hiyo 70 hupatikanaje?

NASCET walitumia eksirei ya mishipa. Katheta hupitishwa kinenani hadi shingoni, dawa ya kuonyesha damu humwagwa, picha hupigwa. Kisha kipenyo cha mahali palipobana zaidi hulinganishwa na kipenyo cha sehemu ya mshipa isiyo na ugonjwa iliyo juu yake. Utafiti wa Ulaya wa ECST, uliotoa matokeo mwaka huohuo, ulilinganisha na upana ambao mshipa ulikadiriwa kuwa nao palepale kabla ya kuugua. Tuseme njia iliyobaki ni milimita 2, mshipa wa juu ni 5, na pale penye ugonjwa palikuwa 8. NASCET watasema asilimia 60, ECST watasema 75. Mgonjwa yuleyule, picha ileile.

Na picha yenyewe si salama kabisa. Katika utafiti wa ACAS wa mwaka 1995, takriban asilimia 1.2 ya waliopitishiwa katheta kabla ya upasuaji walipata kiharusi kwa sababu ya kipimo hicho. Ndiyo maana njia zisizoingia mwilini zilitafutwa.

Altrasaundi ya Dopla haipimi upana. Inapima mwendo wa damu. Ukibana mpira wa maji kwa kidole, maji hutoka kwa kasi zaidi, na damu nayo ni hivyohivyo. Makubaliano ya wataalamu wa Marekani yaliyochapishwa mwaka 2003 yaliweka kasi ya kilele ya sentimita 125 kwa sekunde kuwa dalili ya kubana kwa asilimia 50 au zaidi, na inayopita 230 kuwa dalili ya 70 au zaidi. Hakuna mionzi, na bei ni nafuu. Ila mshipa ukikaribia kuziba kabisa, kasi hushuka tena, na mpimaji asiye makini anaweza kuandika kwamba hali si mbaya. Mshipa wa upande wa pili ukiziba, damu huhamia huku na kupandisha kasi bila huku kubana kiasi hicho. Kwa kifupi, kipimo hiki hutegemea mno mkono wa anayekishika.

CT huchukua sekunde chache na huonyesha njia nzima, tangu kifuani hadi kichwani, kwa gharama ya mionzi na dawa yenye iodini ambayo figo dhaifu haziipendi. Chokaa iliyoganda ukutani mwa mshipa huonekana nene kuliko ilivyo. MRI isiyo na dawa huelekea kutia chumvi, kwani damu inayovurugika hupoteza mwangwi wake. Ikitumia dawa ya gadolinia hufanya vizuri zaidi.

Mwaka 2006, timu ya Joanna Wardlaw ilijumlisha tafiti 41 katika jarida la Lancet. Kwa mibano ya asilimia 70 hadi 99, MRI yenye gadolinia iligundua 94 kati ya kila 100, altrasaundi 89, CT 76. Kwa mishipa isiyofikia kiwango hicho, altrasaundi iliitambua sawasawa 84 kati ya 100, CT 94. Mashine za CT za wakati ule zilikuwa duni kuliko za leo, kwa hiyo alama hiyo ya 76 nisingeitumia kuikataa CT.

Ningetoa hukumu kwa kuangalia kalenda. Faida ya upasuaji hupungua haraka wiki mbili zikipita tangu dalili. Altrasaundi ya leo, ikithibitishwa na kipimo cha pili kabla ya kisu, inaishinda MRI bora ya mwezi ujao. Nawe ukikabidhiwa ripoti, muulize daktari: asilimia hii imepimwa kwa njia ipi, na kipimo cha pili kinasemaje?